Moyo Tunaotiwa: Tafakari juu ya Neno la Kiingereza "Courage" na Ujasiri wa Mkristo

Mwaka mmoja, wiki chache kabla ya likizo ya Desemba, binti mmoja wa darasa la kipaimara alibaki kanisani wenzake walipoondoka. Alikuwa na miaka 14. Aliniamkia shikamoo kwa mara ya pili, ingawa alikwisha kuniamkia asubuhi, nikajua ana neno. Akaniambia kwamba shangazi zake wamefika nyumbani, na kwamba usiku anasikia wakizungumza na baba yake habari za Desemba. Jambo lenyewe hakulitaja kwa jina. Katika mkoa wetu wa Mara halina haja ya kutajwa. Kila mtu anajua kisu kinatafuta nini shule zikifungwa.

Napenda kusema kweli mbele yenu, ndugu zangu wasomaji. Niliogopa. Baba yake alikuwa mtu mzito katika usharika, mtoaji wa sadaka, mtu ambaye neno lake likianguka katika kikao linaokotwa. Nikamwekea binti yule mkono kichwani, nikamwombea, nikamwambia, "Binti yangu, uwe jasiri. Mungu yupo." Akaitika, "Ahsante, Mchungaji," akaenda zake. Sikwenda kwao. Sikumwambia mwinjilisti, wala mzee wa kanisa, wala mke wangu.

Siku ya tatu tukasikia kwamba ametoroka. Aliondoka usiku, akatembea peke yake hadi barabara kuu, akangoja gari la alfajiri, akafika katika nyumba salama ya wasichana iliyoko Butiama. Mwaka uliofuata, baada ya mazungumzo marefu na wazazi wake, alirudi Nyamuswa kuendelea na shule na kumalizia kipaimara. Siku moja akanijia na daftari. "Mchungaji, mwalimu wa Kiingereza ametupa insha juu ya neno 'courage'. Kamusi inasema ni ujasiri. Wewe uliniambia niwe jasiri. Ulitaka nifanye nini? Nivumilie, au nikimbie?"

Sikuwa na jibu. Nilisoma Kigiriki na Kiebrania chuoni, nimehubiri juu ya Yoshua mara nyingi kuliko ninavyoweza kuhesabu, lakini mbele ya daftari lile nilikaa kimya. Makala hii ni jibu langu lililochelewa. Nitaanza na neno lenyewe, kwa maana wahubiri tunapenda kutoa maneno kama mtu anayegawa noti bila kuzitazama.

Neno lilikotoka

Neno "courage" halikuzaliwa Uingereza. Wanormani walivuka bahari mwaka 1066 wakaitawala nchi ile, na Kifaransa chao kikaingia katika mahakama, katika makanisa na katika nyumba za wakubwa. Miongoni mwa maneno yaliyoingia kwa njia hiyo lilikuwamo "corage". Ndani yake limo neno la Kilatini "cor", maana yake moyo. Kwa muda mrefu Mwingereza aliyesema "corage" hakuwa na maana ya ushujaa tu. Alimaanisha yote yaliyomo moyoni: nia, hamu, hisia, hata hasira. Maana hiyo pana ikapungua kidogo kidogo, mpaka likabaki neno la mtu asiyerudi nyuma mbele ya hatari.

Lakini neno hilo lina watoto wawili wanaokumbuka ukoo wao vizuri zaidi. Mmoja ni "encourage", kumtia mtu moyo. Wa pili ni "discourage", kumvunja mtu moyo. Tazama jambo hili: sisi hatukuazima lugha hiyo kwa Waingereza, wala wao hawakuiazima kwetu, lakini wote tumefika mahali pamoja. Moyo unatiwa, na moyo unavunjwa. Wanadamu wa mbali sana, kila mmoja kwa lugha ya mama yake, wamegundua kwamba nguvu ya kusimama haiko mikononi wala miguuni.

Martin Luther naye alikuwa na kazi ya kutafuta neno hilo alipotafsiri Agano Jipya kwa Kijerumani, lililochapishwa mwaka 1522. Pale ambapo Bwana anawaambia wanafunzi wake, katika usiku wa mwisho, wawe na moyo kwa sababu ulimwengu umeshindwa, Luther aliandika neno "getrost". Neno hilo ni la ukoo mmoja na "Trost", yaani faraja, na ndugu yake upande wa Kiingereza ni "trust", kutumaini. Kwa Luther, basi, mtu mwenye moyo ni mtu aliyefarijiwa, mtu mwenye pa kuegemea. Hilo ni tofauti kabisa na mtu mkavu asiyehisi kitu.

Shujaa, jasiri na moyo

Sasa turudi nyumbani. Kiswahili kina hazina kubwa katika jambo hili, na maneno yake hayafanani uzito.

Lipo neno shujaa, lililotoka Uarabuni, nalo linanukia vita. Kila tarehe 25 Julai taifa letu linaadhimisha Siku ya Mashujaa na kuwakumbuka waliokufa kwa ajili ya nchi. Ni vema na haki. Lakini shujaa mara nyingi ni mtu wa kusimuliwa baadaye. Hata hapa Ikizu, wazee husimulia juu ya Muriho, ambaye mlima Chamuriho umebeba jina lake, na juu ya Nyakinywa, mwanamke aliyetoka kwao upande wa Usukuma akaja na mvua. Kumbukumbu ya nchi hii, basi, haikuweka mwanamume peke yake kwenye mlango wake. Imemweka pia mwanamke aliyeondoka kwao.

Lipo neno jasiri, nalo ni la Kiarabu. Katika lugha ile mzizi wake una maana ya kuthubutu na pia ya kuvuka, na kutoka mzizi huohuo Waarabu hupata neno la daraja. Sisi tulipolichukua, daraja tuliliacha nyuma. Tumebaki na jasiri ambaye hatikisiki, asiyelia, asiyepepesa jicho. Katika jando la zamani kijana alisimama mbele ya kisu huku ndugu zake wakimtazama usoni, na akikunja uso tu, aibu ni ya ukoo mzima. Wasichana nao wakapimwa kwa kipimo hichohicho. Kwa hiyo mchungaji anapomwambia msichana wa Mara "uwe jasiri" katika mwezi wa Novemba, neno hilo haliangukii mahali patupu. Shangazi zake wamekwisha kumwambia neno lilelile. Mimi nilidhani namhubiria Injili, kumbe nilikuwa nimesimama upande wa shangazi na kuwasaidia kazi.

Na lipo neno moyo, la Kibantu, letu wenyewe. Hapa Kiswahili kinatupa njia mbili. Tunasema mtu amepiga moyo konde. Konde ni ngumi. Mtu huyo ameufumba moyo wake kama mkono wa kupigana, akaukaza, akaingia katika shida yake. Na tunasema mtu ametiwa moyo. Kutia ni kuweka kitu ndani ya kitu, kama unavyotia maji mtungini au chumvi kwenye mboga. Njia hizi mbili zote tunaziita ujasiri, lakini hazifanani. Moyo uliofumbwa kama ngumi unaweza kuzuia pigo, lakini huwezi kutia kitu ndani yake. Anayetiwa moyo lazima aufungue kwanza, na lazima awepo mwingine wa kuutia.

Hoja yangu ni hii: mahubiri yetu mengi juu ya ujasiri ni mahubiri ya ngumi, na ujasiri wa Maandiko ni wa moyo unaotiwa.

Kaizari na kicheko cha watu

Kabla sijafungua Biblia, niruhusuni nichukue mfano mmoja kutoka kwa jirani yetu wa Butiama. Mwalimu Julius Nyerere alitafsiri kwa Kiswahili tamthilia ya Shakespeare kuhusu mtawala wa Roma. Tafsiri ilitoka kwanza mwaka 1963, na mwaka 1969 ikatoka upya ikiwa imesahihishwa, kwa jina la Juliasi Kaizari. Wengi wetu tunakumbuka kwamba humo Kaizari anatoa maneno makubwa ya kumdharau mwoga na kumsifu jasiri. Nimewasikia wahubiri wakiyatumia mimbarani karibu kama Andiko.

Lakini someni ukurasa mzima. Usiku ule mkewe ameota ndoto mbaya, naye anamsihi mumewe asitoke nyumbani. Kaizari, baada ya maneno yake makubwa, anakubali kubaki. Ndipo anaingia Decius, mmoja wa wale waliokula njama. Anaigeuza ndoto ile kuwa habari njema, kisha anaongeza neno moja: baraza likisikia kwamba Kaizari amebaki nyumbani kwa sababu ya ndoto ya mke, watu watasema nini? Hapo Kaizari anaona haya. Anaomba joho lake, anatoka, anakufa.

Kumbe kilichomtoa nyumbani si ujasiri. Ni woga wa kuchekwa. Shakespeare hakutuandikia mahubiri juu ya ushujaa. Ametuonyesha mtu mkubwa aliyekuwa na maneno ya jasiri mdomoni na hofu ya watu moyoni, na Decius aliijua hofu hiyo akaivuta kama mtu anavyovuta kamba ya ng'ombe.

Wahenga wetu wanasema, kwa mwoga huenda kicheko, kwa shujaa huenda kilio. Mithali hii inajua kwamba ushujaa una gharama, na gharama hiyo hulipwa na walio nyumbani. Ni mithali ya busara. Hata hivyo kipo kicheko cha namna nyingine ambacho hakimo ndani yake, kicheko cha dhihaka, na hicho ndicho kinachotawala vijiji vyetu. Baba anampeleka binti yake kwa ngariba kwa sababu anaogopa kaka zake watamcheka. Mama ananyamaza akiogopa kuchekwa kisimani. Msichana anakubali kwa kuogopa jina la dhihaka atakalopewa na wasichana wenzake. Baadaye kwenye sherehe wote wanasifiwa kwamba ni majasiri. Hakuna jasiri hata mmoja pale. Kuna ukoo mzima unaoogopana.

Neno katika Maandiko

Katika Agano Jipya la Kigiriki kuna neno la amri, "tharsei", ambalo Biblia yetu ya Union Version, ile iliyokamilika mwaka 1952, hulitafsiri kwa moyo: jipe moyo, uwe na moyo mkuu. Watafsiri wale walifanya vema. Wangeweza kuandika "uwe jasiri" au "uwe shujaa", lakini wakachagua neno la ndani kabisa.

Hata hivyo nina neno moja la kusema juu ya "jipe". Kiswahili cha "jipe" kinaweza kumfanya msomaji afikiri kwamba moyo huo anao yeye mwenyewe mahali fulani, na kazi yake ni kujichotea. Kigiriki hakina "ji" hiyo. Tena kila mara neno hilo linapokuja, sababu inakuja pamoja nalo, na sababu haiko kamwe ndani ya mtu anayeambiwa. Aliyepooza anaambiwa awe na moyo kwa kuwa dhambi zake zimesamehewa. Wanafunzi wanaopigwa na mawimbi wanaambiwa hivyo kwa kuwa anayekuja juu ya maji ni Bwana mwenyewe. Wavuvi wetu wa Ziwa Victoria wanalielewa jambo hili kuliko mimi: katika dhoruba ya usiku, kinachorudisha moyo ni sauti ya mtu unayemjua katika mtumbwi wa pili. Bartimayo anaambiwa awe na moyo kwa sababu anaitwa. Paulo akiwa kifungoni Yerusalemu anaambiwa hivyo usiku, na anayemwambia amesimama karibu naye.

Jambo lingine ni la ajabu. Amri hiyo karibu kila mara inatoka kinywani mwa Yesu mwenyewe. Mara moja tu inasemwa na watu wengine, nao ni wale wa njiani Yeriko waliomwita Bartimayo. Na hao walisema nini? Walimwambia ainuke, kwa maana Bwana anamwita. Hawakumwachia kipofu neno tupu kisha wakaenda zao. Walimwonyesha aliko Bwana. Mimi nilimwachia binti yule neno tupu.

Twende sasa Gethsemane. Tukimpima Bwana wetu kwa kipimo cha jando, ameshindwa. Alihuzunika, akafadhaika, akawaomba rafiki zake wakeshe naye. Jasho lake likawa kama matone ya damu. Waraka kwa Waebrania, sura ya 5, unasema waziwazi kwamba aliomba kwa kilio na machozi. Mwana wa Mungu alilia. Hakuupiga moyo wake konde. Aliufungua mbele ya Baba, na katika masimulizi ya Luka malaika akaja kumtia nguvu. Akainuka, akaenda kukutana na waliokuja kumkamata. Kwa hiyo kutetemeka hakumfanyi Mkristo kuwa mwoga, na kutolia hakumfanyi kuwa jasiri.

Ujasiri una mdomo

Kuna neno la pili la Kigiriki ambalo Union Version hulitafsiri hasa kwa ujasiri. Ni "parrhesia", na limejengwa kwa maneno mawili, lote na kusema. Ni uhuru wa kusema yote bila kuficha. Katika Matendo ya Mitume sura ya 4, wakuu wanaona ujasiri wa Petro na Yohana na kustaajabu, kwa sababu ni watu wasio na elimu. Wanaustaajabia uvumilivu wao wa maumivu? Hapana. Hawajapigwa bado. Wanastaajabia midomo yao.

Na Petro huyo ndiye aliyemkana Bwana wake kando ya moto kwa kumwogopa kijakazi. Ujasiri wake haukuwa tabia ya kuzaliwa. Tena katika sura hiyohiyo, mitume wanapoachiliwa wanakusanyika na wenzao na kumwomba Mungu ujasiri. Wanauomba wakati wamekwisha kusifiwa kwa kuwa nao! Maana yake hawakuwa na akiba. Kilichotiwa jana kilitumika jana, na leo wanaomba tena, tena wanaomba pamoja.

Mchungaji Mlutheri Dietrich Bonhoeffer, aliyenyongwa huko Flossenbürg tarehe 9 Aprili 1945, aliliona jambo hili katika taifa lake. Mwishoni mwa mwaka 1942 aliwaandikia rafiki zake tafakari juu ya miaka kumi ya utawala wa Hitler. Alisema kwamba kwa Wajerumani ushujaa wa kujitoa na kutii haukukosekana, lakini ujasiri wa raia ulikuwa haba sana. Kijerumani kina neno la ujasiri huo, na ndani yake limo lilelile "courage" la Kifaransa: "Zivilcourage". Ni ujasiri wa mtu wa kawaida kusema hapana mbele ya watu wake mwenyewe. Watu walioweza kufa vitani bila kulia hawakuweza kumwambia jirani, "Hili ni ovu." Bonhoeffer aliona kwamba ujasiri huo huota tu katika uhuru wa mtu anayewajibika mbele za Mungu, Mungu anayemsamehe atendaye na kukosea.

Ninaposoma hayo naiona Nyamuswa. Hatujapungukiwa na watu wa kuvumilia. Mama zetu wanavumilia, vijana wetu wanavumilia, tunasifu uvumilivu hata kwenye mazishi. Tumepungukiwa na watu wa kusema. Kanisa letu limewahi kusema mbele ya taifa. Tamko la Bagamoyo la mwaka 1994 ni ushahidi. Lakini kuna umbali kati ya tamko la Bagamoyo na sebule ya mzee wa usharika wako unayekula kwake Krismasi. Sebule ile ni ngumu zaidi.

Amri ya nne na ya tano

Najua wapo wasomaji watakaouliza: je, mchungaji anawafundisha watoto kuwakimbia wazazi? Amri ya nne iko wapi?

Swali ni halali. Lakini tusiisome amri ya nne kama vile ya tano haikufuata. Kila aliyepata kipaimara katika Kanisa letu amejifunza Katekisimo Ndogo ya Luther ya mwaka 1529. Humo Luther anapoeleza amri ya kutoua, haishii kwenye kutomdhuru jirani. Anasema tumsaidie katika kila hitaji la mwili wake. Mwili wa msichana wa miaka 14 ni mwili wa jirani. Heshima kwa wazazi haijapewa mamlaka ya kuukata. Sheria ya nchi nayo imesema tangu mwaka 1998, katika Sheria ya Makosa ya Kujamiiana, kwamba kumkeketa msichana aliye chini ya miaka 18 ni kosa la jinai. Binti yule alipokimbia hakuivunja amri ya nne. Alimwokoa baba yake asiivunje ya tano.

Na mimi? Mimi ndiye niliyeivunja. Sikumgusa mtoto yule, ni kweli, lakini sikumsaidia katika hitaji la mwili wake. Katika Ufunuo sura ya 21 iko orodha ya kutisha ya wale wanaobaki nje ya mji wa Mungu, na wa kwanza kutajwa ni waoga. Zamani nilisoma neno hilo nikiwafikiria wale waliokana imani wakati wa mateso. Siku hizi nalisoma nikikumbuka mlango wa kanisa na daftari la mwanafunzi.

Baadaye nilikwenda kwa baba yake. Nilikwenda nikiwa nimechelewa mwaka mzima, nikamwomba msamaha kwa kutomwambia neno wakati ule. Alinyamaza kwa muda, akamwita mkewe alete chai. Kisha akasema, "Mchungaji, usiku ule kabla hajatoroka sikulala. Nilikuwa natafuta mtu wa kunikataza. Ndugu zangu wote walikuwa upande mmoja. Nilijua wewe unajua, maana mtoto alikuwa kwako. Nikasema, kama Mchungaji amenyamaza, basi si neno kubwa."

Sikuinywa chai ile vizuri. Mzee niliyemwogopa alikuwa anangoja mtu wa kumtia moyo. Nilidhani ngumi yake imefumbwa, kumbe ilikuwa inatafuta mkono wa kushika.

Jibu kwa aliyeuliza

Binti yangu, uliniuliza nilitaka ufanye nini, uvumilie au ukimbie. Jibu la kweli ni kwamba sikutaka ufanye lolote. Nilitaka uondoke kanisani ukiwa umetulia, ili nami nitulie. Nililitumia neno takatifu kufunga mazungumzo. Naomba unisamehe, kama nilivyokuomba ana kwa ana.

Na jibu la Injili ni kwamba sikuwa na haki ya kukuambia uwe na moyo kabla ya mimi kusimama karibu nawe. Kila aliyeambiwa neno hilo na Bwana aliambiwa na mtu aliyekuwapo. Wewe ulitembea usiku peke yako hadi barabarani, na najua ulitetemeka, umeniambia hivyo. Ukavuka. Ukafika mahali penye watu, ukafungua mdomo, ukasema kila kitu. Hiyo ndiyo "parrhesia". Ulipata alama ngapi kwenye insha yako sijui, lakini somo hilo umelifaulu mbele ya mwalimu wako wa kipaimara.

Kwenu ninyi wengine, washarika wenzangu, Desemba inarudi kila mwaka. Tusiwaambie watoto wetu wawe majasiri kisha tukawaacha njiani. Mzee wa kanisa na aende na mwenzake, waketi na baba wa mtoto mapema, wakati maneno bado ni maneno. Jumuiya zetu za nyumba kwa nyumba zilitaje jambo hili kwa jina lake katika maombi. Akina mama wajue mlango wa dawati la jinsia katika kituo cha polisi, na wasiende mmoja mmoja. Na baba anayetaka kumkatalia ukoo wake asikose mtu wa kukaa naye jioni ile ndugu watakapokuja kumcheka. Kumtia mtu moyo si kumpa neno. Ni kwenda naye.

Mithali ilisema kwa shujaa huenda kilio. Ijumaa Kuu kilio kilikwenda kweli, kikafika kwa Mariamu na wanawake wenzake. Lakini siku ya tatu wanawake haohao walikuwa wa kwanza kutumwa kusema. Walitoka kaburini wakiwa na hofu na furaha kubwa pamoja, ndivyo Mathayo anavyosimulia, na hofu ile haikuwazuia kukimbia kwenda kutoa habari.

Bwana aliyewatia moyo wanawake wale, na aliyemrudisha Petro kutoka kwenye moto wa aibu yake, atutie moyo na sisi. Atufumbue ngumi, atufungue midomo, na atusimamishe karibu na wale wanaotetemeka. Amina.